Siku Niliyofanywa Msidi Ndani ya Basi la Ahmedabad

Februari 2018 tulikuwa Ahmedabad, mimi na dada yangu, tumempeleka baba kufanyiwa operesheni ya mgongo. Hospitali ilikuwa magharibi ya mto Sabarmati, upande mpya wa mji, na kwa siku tisa India yangu mimi ilikuwa korido, dirisha la kuchukulia dawa na kibanda cha chai nje ya geti. Siku ya kumi dada aliniangalia akasema, "Leo toka. Unanuka dawa." Baba naye, chali kitandani, hawezi hata kugeuka, akadakia: "Nenda Lal Darwaza, ukaone mji wenyewe. Upande basi. Hizo bajaji watakupiga bei." (Huko kwao Bajaj ni jina la kampuni tu, chombo chenyewe wanakiita riksho.)

Baba hakuwa amewahi kuiona India kabla ya safari ile. Ila ujana wake aliumalizia Tanga, karani kwenye duka la vitambaa la Mgujarati mmoja, mpaka tajiri wake alipofunga duka akahamia Uingereza. Kwa baba, Ahmedabad lilikuwa jina lililopigwa chapa kwenye majora ya nguo. Kigujarati cha dukani kilikuwa hakijamtoka: kem cho ya kusalimia, ketla ya kuuliza bei, chalo ya kufukuzana, na nathi, yaani hakuna, neno ambalo nadhani karani alilihitaji kuliko yote. Asubuhi ile alinikaririsha yote manne kama mtoto wa chuoni, ndipo akaniruhusu kuondoka.

Mji ule una mabasi yake ya manispaa tangu 1947. Yanapita kila mahali na nauli yake haiumizi. Tatizo lilikuwa namba. Dada wa mapokezi alikuwa ameniandikia namba ya basi la Lal Darwaza kwenye karatasi, kwa tarakimu hizi zetu, inaanza na tisa. Nikasimama kituoni kuitafuta tisa. Ikaja, nikapanda. Hakuna aliyeniambia kwamba mabasi yale yameandikwa kwa tarakimu za Kigujarati, na kwamba moja yao, ૧, ina kichwa cha mviringo na mkia unaoshuka, pacha wa tisa yetu.

Niligundua kwa mto. Mji wa zamani, ilipo Lal Darwaza, uko mashariki, ng'ambo, kwa hiyo lazima uvuke daraja. Mimi mto ulikuwa mkono wa kulia, ukabaki mkono wa kulia, madaraja yakapita moja baada ya jingine na basi halikukata kona hata moja. Nilipomwonyesha konda karatasi yangu aliisoma, akanitazama, akaisoma tena, akapiga filimbi. Nikashushwa nje ya geti la Gandhi.

Sikuwa nimepanga kwenda kwa Gandhi. Kila mgeni huenda kwa Gandhi, nami nilitaka vichochoro. Lakini ukishashushwa mlangoni kwa mtu, utapita bila hodi? Aliishi pale tangu 1917 hadi 1930. Nyumba yake, Hridaykunj, ni ya chini, ya vigae, na chumbani kwake hamna kitu cha kuibwa: godoro la kukalia sakafuni, kijimeza cha kuandikia na gurudumu la kusokotea pamba. Tarehe 12 Machi 1930 alitoka hapo kwa miguu na wenzake 78, kilomita zipatazo 385 mpaka pwani ya Dandi, kwenda kuokota chumvi bila idhini ya Waingereza. Nilikaa barazani nikiutazama mto nikamkumbuka akiwa bado kijana wa 1893, anakwenda Afrika Kusini kufanya kazi. Meli yake ilitia nanga Lamu, akashuka kutembea, akachelewa kurudi, na mwenyewe alisimulia jinsi ilivyokuwa nusura imwache. Nikajisikia nafuu. Kumbe si mimi peke yangu.

Basi la pili sikutafuta namba. Nilisimama kituoni nikapaza sauti kama wapiga debe wa nyumbani, "Lal Darwaza! Lal Darwaza!", mpaka mama mmoja mwenye kapu la mboga akanielekeza kwa kidevu. Nikapanda, nikampa konda noti ya rupia hamsini.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Konda alikuwa mtu mzima, mwembamba, mkoba wa ngozi begani. Alinimwagia Kigujarati kirefu, na si kile cha kumsemesha mgeni, cha polepole chenye mikono mingi. Hiki kilikuwa cha kumgombeza mtu wa nyumbani. Nikajibu nilichokuwa nacho: "Gujarati nathi."

Basi zima likacheka. Nilikuwa nimemwambia kwa Kigujarati kwamba Kigujarati hakuna.

"Jambur?" akaniuliza. Nikanyamaza. "Jambur? Sasan?"

Jina la Jambur nilikuwa nimewahi kulisoma. Ni kijiji karibu na msitu wa Gir, kule kwenye simba wa Asia, na wanaokaa humo ni Masidi: Wahindi wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao waliletwa na majahazi kwa karne nyingi, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia. Wanasema Kigujarati kama jirani yeyote. Sasa nikaelewa kwa nini tangu asubuhi hakuna aliyenishangaa wala kunisaidia. Walijua naweza kusoma namba ya basi.

"Siddi nathi," nikasema, nikiwa bado naamini kwamba najitetea. Nikaongeza, "Tanzania." Kila neno nililosema lilinizamisha zaidi, kwa sababu matamshi ya baba ni ya dukani kabisa, hayana lafudhi ya kitalii. Msichana mmoja mwenye mkoba wa shule akanihurumia, akanitafsiria kwa Kiingereza: konda anasema usimfanyie mzaha, shemeji zake wanatoka upande wa Gir, na Masidi anawajua, tena vijana wa siku hizi wanaona haya kwao.

Nikatoa pasipoti. Ilizunguka viti vitatu au vinne kabla haijarudi. Konda aliipekua, akatazama picha, akatazama jalada, wala hakuonyesha kuaibika hata kidogo. Alivuta mkoba wake wa ngozi tumboni akaanza kuupiga kwa viganja, mdundo wa haraka, huku anatikisa mabega. "Goma!" akasema. "Siddi, goma!"

"Ngoma," nikasema.

"Goma."

"Ngoma!"

Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyechoka. "Goma," akamaliza. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ndivyo Masidi wa Gujarat wanavyoiita ngoma yao wanayocheza kwenye ziara ya pir wao, yaani walii, Bava Gor, na kwamba wanaofuatilia asili ya neno hilo wanalipeleka moja kwa moja pwani kwetu. Siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba mtu wa Gujarat ananisahihisha neno la kwetu, na watu wanamuunga mkono yeye.

Tulipofika Lal Darwaza alinishika bega, akaninyooshea kidole upande wa pili: "Sidi Saiyyed ni jali." Sikio la Mswahili lilisikia kwamba huyo Sidi Saiyyed ndiye jali. Kumbe "ni" yao ni "ya" yetu: jali ya Sidi Saiyyed, yaani dirisha lake la mawe yaliyotobolewa.

Msikiti wake ni mdogo, umekaa kwenye makutano ya barabara kama kisiwa, pikipiki zinauzunguka na honi hazinyamazi. Ulijengwa 1572 na 1573, mfalme Akbar wa Wamughali akiwa ndiyo kwanza anaiteka Gujarat, na aliyeujenga alikuwa Mhabeshi aliyepanda cheo kwenye utumishi wa masultani. Kwa nje madirisha yale ni mawe ya rangi ya udongo tu, nusu duara, na nusura nipite. Nilivua viatu, nikaingia, nikageukia ukuta wa kibla. Mwanga ulikuwa unatokea nyuma yake. Fundi amelitoboa jiwe mpaka limekuwa kama utepe wa kofia ya kiua: mtende umesimama wima, na mti mwingine unauzunguka, matawi yanapishana, yanasokotana, yanajifunga na kufunguka mpaka ukingoni, na huoni jani lilipoanzia. Nimekulia kwenye milango ya nakshi, na najua fundi wa mbao akikosea anaweza kuficha kosa. Kwenye jiwe utalificha wapi? Dirisha la katikati limezibwa kwa mawe matupu. Kila mtu na hadithi yake kuhusu hilo, nami nililipenda hivyo hivyo lilivyo.

Nikaswali rakaa mbili. Mzee aliyekuwa anakunja mikeka aliniuliza kwa upole, "Siddi?" Safari hii sikubisha.

Mchana uliobaki ulikwenda mbio. Nilipita chini ya matao ya Teen Darwaza katikati ya wauza chupi na soksi, nikaingia Jama Masjid, aliyoijenga Ahmad Shah mwenyewe, mwasisi wa mji, ikakamilika 1424. Ndani kuna nguzo zaidi ya 260, msitu mtupu, na minara yake mirefu ilianguka kwa tetemeko la 1819. Nje mapipa yalikuwa na vibandiko vipya vya kujisifu kwamba Julai iliyopita UNESCO iliutangaza mji ule wa ndani kuwa urithi wa dunia, wa kwanza India nzima. Ng'ombe mmoja alikuwa amelala amekiegemea kimojawapo. Manek Chowk asubuhi ni gulio la mboga, mchana wanakaa masonara, usiku ni chakula. Nilifika saa ambayo masonara wanafunga na wapishi wanaburuta meza, nikala kachori nimesimama. Ndani yake ilikuwa dengu. Kachori ya Tanga ni kiazi, na katika hili sitaki ushauri wa mtu.

Kurudi nilitembea mpaka Astodia nikapanda Janmarg, ambayo ni mwendokasi wao, ilianza 2009. Kwa mara ya kwanza siku ile sikuhitaji kuuliza kitu. Kituo katikati ya barabara, tiketi kabla ya kupanda, milango ya basi mkono wa kulia upande wa dereva, njia ya peke yake huku magari mengine yamesongamana pembeni: yote hayo nilikuwa nimeshayazoea Kimara, Dar es Salaam. Mpaka watu wa kusimama mlangoni na kukataa kusogea walikuwepo.

Wodini nilimkuta baba macho. Nikamsimulia tangu mwanzo. Jali hakuijali sana. Gandhi alimpita. Kwenye konda alicheka mpaka nesi akaja kutazama kuna nini, maana kucheka kulimuuma mgongo na alikuwa analia machozi. Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza, "Nauli shilingi ngapi?"

"Rupia kumi na tano. Nilimpa hamsini."

"Chenji?"

Nilijipapasa. Chenji hakunipa, aliniandikia kitu nyuma ya tiketi kwa kalamu, na kwa sababu ya goma na ngoma tukaachana hivyo hivyo. Niliitoa tiketi mfukoni. Nyuma yake kulikuwa na alama mbili, ૩૫.

Baba aliisogeza karibu na uso, mikono yote miwili, kwa sababu miwani ilikuwa kwenye droo.

"Thelathini na tano," akasema. "Anakudai? Wewe ndiye unayemdai."

"Baba, unasoma namba zao?"

"Miaka yote ile daftari la tajiri nilikuwa naliandika kwa mkono wa nani?" Akanirudishia tiketi. "Ungeniuliza asubuhi."