Mfalme Alipohamia Meza ya Wanawake

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la juma hili ni 1 Wakorintho 11:17-34. Nawaomba mlisome lote, kwa sababu tumezoea kulisikia siku ya Meza ya Bwana tu, tena kuanzia mstari wa 23. Paulo hakuanzia hapo. Alianzia kwenye sahani za watu: “kila mmoja hutangulia kutwaa chakula chake mwenyewe katika kule kula, hata huyu ana njaa, na huyu amelewa.” Yaelekea wenye nafasi walifika mapema wakashiba, na waliotoka kazini wakakuta makombo. Paulo hakuliona hilo kuwa jambo dogo la adabu. Aliwauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu.

Somo hili limenikaa moyoni tangu mimi, mume wangu na watoto tulipoalikwa kwenye luau huko Hawaii. Luau ni karamu ya asili ya wenyeji wa visiwa vile. Wageni wengi huiona hotelini, kwa tiketi, ngoma ya asili iitwayo hula ikichezwa jukwaani. Yetu ilikuwa nyumbani kwa familia ya waamini kule Waimānalo, kisiwani Oʻahu, na mwenye sherehe alikuwa mtoto anayetimiza mwaka mmoja. Wahawaii wanaipa siku hiyo uzito mkubwa, maana baada ya meli za kigeni kuanza kufika, maradhi yaliwaua kwa wingi, na watoto wengi hawakuuona mwaka wa pili. Karamu ya mwaka wa kwanza ni shukrani ya watu wanaojua kuzika.

Kazi huanza mapema. Wanaume huchimba shimo, huwasha kuni na kuyapasha moto mawe ya volkano hadi yaive kwa joto, kisha nguruwe mzima aliyepakwa chumvi huwekwa humo juu ya vigogo vya migomba vilivyopondwa. Hufunikwa kwa majani, magunia mabichi na udongo, na kuachwa kwa saa nyingi. Shimo hilo linaitwa imu. Hakuna anayeweza kulifungua kila dakika aonje, ukishafukia umefukia. Watoto wangu waliuliza mara ngapi sijui kama chakula kiko tayari, na wazee wakawajibu kwa upole kwamba bado.

Pembeni palikuwa na laulau, yaani nyama na samaki waliofungwa katika majani ya magimbi wakaiva kwa mvuke, na poi, uji mzito wa magimbi yaliyopikwa yakapondwa. Masimulizi ya kale ya Wahawaii husema kwamba gimbi ni kaka mkubwa wa wanadamu: mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa, pale kaburini likaota gimbi, na mdogo wake aliyemfuata ndiye babu wa watu. Imani yetu haisemi hivyo, lakini nilipenda desturi inayokwenda na heshima hiyo: bakuli la poi likishafunuliwa, ugomvi unakoma. Huwezi kumtolea ndugu yako maneno makali mkiwa mmechovya vidole katika bakuli moja.

Kabla ya kula tulishikana mikono, duara moja kubwa, kuanzia bibi mwenye kiti cha magurudumu hadi kijana aliyekuwa bado na majivu mikononi. Mzee mmoja akaomba kwa Kihawaii. Kisha tukakaa tulivyochanganyika, na mimi nikajikuta kati ya mjomba wa mtoto na kijana wangu wa kiume.

Mezani pale nilikumbuka kwamba miaka mia mbili na ushee iliyopita kukaa kwangu hivyo kungeniua.

Wahawaii wa kale waliishi chini ya miiko mikali ya chakula. Mume na mke hawakula pamoja. Mwanamume ndiye aliyepika, na alipika katika mashimo mawili, lake na la mkewe. Mwanamke hakuruhusiwa nyama ya nguruwe, wala nazi, wala aina nyingi za ndizi, wala baadhi ya samaki. Mtoto wa kiume alikula na mama yake akiwa mdogo, kisha akahamishiwa nyumba ya wanaume, na hakurudi tena kula naye. Adhabu ya kuvunja miiko ilikuwa kifo.

Mfalme Kamehameha wa Kwanza alipofariki Mei 1819, mwanawe Liholiho alirithi kiti akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Wanawake wawili walimsukuma: Kaʻahumanu, mjane wa mfalme aliyekuwa na nguvu kubwa serikalini, na Keōpūolani, mama yake mzazi, mwanamke wa cheo kitakatifu mno hata watu wa kawaida walianguka kifudifudi mbele yake. Keōpūolani ndiye aliyeanza, akala waziwazi na mwanawe mdogo Kauikeaouli. Novemba, huko Kailua, ikaandaliwa karamu yenye meza mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake. Liholiho alizizunguka kama mwenyeji anayekagua, moyo ukimwenda mbio, kisha ghafla akaketi penye nafasi kwenye meza ya wanawake, akaanza kula. Watu wakapiga makofi na kupaza sauti kwamba miiko imevunjwa.

Sitaki kuipamba historia hii. Siasa ilikuwamo, na damu ilimwagika: binamu yake mfalme, Kekuaokalani, alikataa, akapigana Kuamoʻo mwezi uliofuata, akafa pamoja na mkewe Manono aliyekuwa akipigana naye bega kwa bega. Nawaheshimu hata hao wawili. Lakini angalieni majira. Wamisionari wa kwanza walikuwa wameng'oa nanga Boston Oktoba 1819, wakafika mwaka 1820. Meza ile ilivunjwa wao wakiwa baharini, hawajahubiri hata neno moja. Mimi naamini Mungu huanza kazi yake kabla ya wajumbe wake kushuka melini. Keōpūolani alibatizwa Lahaina mwaka 1823, saa chache kabla ya kukata roho. Na yule Kauikeaouli aliyekula na mama yake alikuja kuwa Kamehameha wa Tatu, ambaye mwaka 1847 alifanya karamu iliyokusanya maelfu ya watu, nguruwe 271 na mabakuli ya poi 482. Ninamwona mtoto aliyelishwa na mama yake akiwalisha watu wake.

Sasa turudi kwetu. Liholiho hakuwa na Maandiko. Petro alikuwa nayo, tena alikuwa ameoneshwa maono ya shuka kutoka mbinguni. Hata hivyo Antiokia, kabla ya Wayahudi waliotoka kwa Yakobo kufika, anasema Paulo, “alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa, lakini hao walipokuja, akarudi nyuma na kujitenga” (Wagalatia 2:12). Hakubadilisha mahubiri yake, alibadilisha kiti. Paulo akamkemea mbele ya wote, akisema mwenendo huo hauendi sawasawa na kweli ya injili.

Nimekulia Iringa, katika nyumba ya watu waliompenda Mungu. Chakula cha baba na wageni kilikwenda sebuleni, firigisi ilikuwa yake, na sisi wasichana tulikula na mama jikoni baada ya kusafisha masufuria. Buganda, bibi za wenzetu hawakuruhusiwa kuku wala mayai. Mengi yamebadilika, ashukuriwe Mungu. Lakini nenda kwenye harusi ya kanisa leo, hapa ughaibuni au nyumbani, uwatafute kina mama wa kamati ya chakula: wamesimama na miiko ya kupakulia hadi foleni iishe, na mara nyingi nyama imeisha. Dada wa kazi naye hula peke yake, wakati mwingine chakula tofauti, katika nyumba ambamo asubuhi palikuwa na ibada ya familia. Torati ilipoamuru sikukuu ilimtaja kwa jina la kazi yake: “wewe, na mwanao, na binti yako, na mtumwa wako, na mjakazi wako, na Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane” (Kumbukumbu la Torati 16:14).

Agizo la Paulo mwishoni mwa somo ni fupi: “mkutanikapo mpate kula, mngojane.” Basi juma hili, kabla ya kuombea chakula, mtu mmoja wa nyumba ainuke aende jikoni kuuliza nani bado hajaketi, na sala ingoje. Wazee wa kanisa, mnaohudumiwa kwanza kila sherehe, naomba mwanze ninyi; mkihamia meza ya wapishi, vijana watajua kwamba inawezekana.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyekula na watoza ushuru ukasemwa vibaya, tupe ujasiri wa kuhama viti vyetu hata watu wakitutazama. Wabariki waliopika wakala baridi. Umkumbuke mtoto yule wa Waimānalo, umpe miaka mingi. Amina.