Vigae au bati: nilivyoamua paa la nyumba yangu Kigamboni

Kenchi, yaani fremu za mbao za kubeba paa, zilikuwa zimeshapigwa ndipo mama watoto akasema anataka vigae. Kwenye bati, mvua ya masika ikianza hamsikilizani ndani. Hoja yake niliiona.

Dukani nikaomba kigae kimoja cha zege kiwekwe kwenye mizani: kilo 4 na nusu. Mita moja ya mraba inakula kama vigae 10, yaani kilo 45. Bati la geji 28 (geji ni kipimo cha unene) kwa eneo hilo hilo halifiki kilo 5! Fundi akatikisa kichwa: "Bosi, mbao hizi ni za bati. Ukitaka vigae, tunashusha tuanze upya."

Nikabaki na bati, ila si bati lolote. Huku chumvi ya bahari haina huruma; la jirani limeshika kutu pale pale lilipokatwa na kuzunguka misumari. Nikachukua lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, geji 28 (30 ni jembamba zaidi), tukapaka rangi kila ukingo uliokatwa. Kabla ya papi, zile mbao za kupigilia bati, tukatandaza foili ya kuzuia joto, kisha siling bodi chini.

Masika imepita. Mvua tunaisikia, na taarifa ya habari pia tunaisikia.