Korona Kibera tulivuka kwa deni

Huwa nachoka nikisoma vile watu wa mitaa ya mabati ati tuna roho ngumu ndio maana korona haikutumaliza. Roho ngumu hailiwi. Kibera tulivuka kwa deni, watu wanadaiana kutoka Olympic mpaka Soweto.

Kesi ya kwanza Kenya ilitangazwa 13 Machi 2020, tarehe 27 kafyu ikaanza, ikifika saa moja jioni uwe ndani, halafu Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hutoki huingii. Sasa mama wa kufua nguo kule Kilimani anaambiwa na mdosi asikuje tena asije akawaletea ugonjwa, wa mjengo naye saiti imefungwa, na hawa ni watu hula kile wamepata leo. Akiba itoke wapi?

Basi ni daftari ya kioski. Mwenye duka anaandika unga, anaandika mafuta ya kupima, anaandika sabuni kipande, na yeye mwenyewe anadaiwa na mwenye kumletea mzigo. Chama za kina mama pia ziliacha mambo ya zamu, pesa ikawa inaenda kwa yule watoto wake wamelala njaa. Na vile kutuma M-Pesa isiyozidi 1,000 ilikuwa bure kuanzia hiyo Machi, hamsini hamsini zilizunguka sana, mimi naona ilisaidia kushinda matangazo yote ya nawa mikono (unawe na nini na mtungi wa lita 20 unanunua?). Kwa maji nitawapa SHOFCO, lile shirika la kijamii la hapa Kibera, haki yao, waliweka matangi ya kunawia njiani.

Chakula cha msaada kilikuja, ndio, lakini 10 Aprili watu walikanyagana wakikigombania na polisi wakarusha tiagesi. Mwenye kioski hakuhitaji foleni, anajua nani ana watoto wangapi na nani anajifanya.

Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa kupea vijana vibarua, ilipoanza, vijana wakawa wanazibua mitaro, na wengi malipo ya kwanza yaliishia kwa hiyo daftari. Si wote. Kuna vioski vilifungwa na havijafunguliwa tena kwa sababu mzigo uliisha na waliokopa walirudi ushago. Hao wenye vioski hakuna aliyewahesabu kwa msaada wowote, na mtaji wa kujaza tu shelfu moja ungelisha ploti nzima.