Koyote na samadi ya bata mzinga: vizia njia, usivizie lundo

Minnesota ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa ufugaji wa bata mzinga. Mabanda yakisafishwa, maranda yaliyochanganyika na kinyesi hupelekwa kwenye mashamba ya mahindi na soya, mara nyingi tani 2 hadi 5 kwa eka, baada ya mavuno au kabla ya kupanda. Haupiti muda koyote, wanyama pori wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini ambao wawindaji huwavizia, wanaanza kuonekana hapo. Wengi hudhani wanaitwa na harufu ya kinyesi. Sivyo. Wanafuata chakula kilichomo: punje zilizomwagika bandani, ambazo huvuta panya, na mizoga ya ndege ambayo haikuokotwa. Mizoga haitakiwi kuchanganywa na samadi, lakini mingine hupita.

Kwa hiyo ichunguze samadi kabla hujabeba bunduki. Ukiona manyoya, mifupa na kunguru wanaotua asubuhi, hapo pana kazi. Samadi ya maji ya nguruwe inayochomekwa ardhini sentimita 10 hadi 15 haimpi mnyama chochote cha kula, na hata ile kavu ikilimiwa siku hiyo hiyo haivuti sana. Kinachojenga mazoea ni lundo lililoachwa pembeni mwa shamba kwa wiki kadhaa. Wakati wa baridi, ardhi ikiganda, samadi hubaki juu na theluji inaonyesha nyayo: zifuate uone mnyama anatokea wapi na mchana analala wapi.

Kosa kubwa ni kukaa juu ya lundo lenyewe. Koyote hula hapo usiku, na kukipambazuka yuko njiani kurudi kichakani au kwenye mtaro wenye nyasi ndefu. Kaa kwenye njia hiyo, mita 150 hadi 250 kutoka kwenye lundo, na ufike angalau dakika 45 kabla ya mwanga.

Kosa la pili ni kuamini kwamba uvundo utaficha harufu yako. Pua ya jamii ya mbwa huzitenga harufu. Amonia ni moja, binadamu ni nyingine. Koyote anayeitikia sauti ya mnyama unayoiiga ili kumvuta huzunguka kwanza hadi upepo umpige usoni kutoka kwako. Chagua mahali ambapo upande huo upepo unakoelekea ni uwanda ulio wazi, ili umwone kabla hajakunusa.

Halafu kuna tumbo. Aliyeshiba mizoga hana haraka na mlio wa sungura aliyejeruhiwa. Kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, msimu wao wa kupandana, mlio wa koyote mgeni humgusa zaidi, kwa sababu anatetea eneo na mwenzi wake. Anza kwa sauti ya chini, kisha nyamaza. Kaa dakika 20 hadi 30 kabla ya kuhama.

Mashamba hayo ni tambarare na mabanda yako karibu. Usifyatue bila kilima au udongo nyuma ya mnyama. Tai weupe-kichwa nao huja kwenye mizoga hiyo. Wanalindwa na sheria ya mwaka 1940, na vipande vya risasi ya madini ya risasi ndani ya mzoga ulioachwa huwaua kwa sumu. Tumia risasi za shaba, au ondoa mzoga.

Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini mfugaji wa kuku anayelalamikia bweha na mbwa koko asome lundo lake kwa jicho hilo hilo: atoe mizoga kwanza.

Mwaka 2022 virusi vya mafua ya ndege vya H5N1 vilipatikana kwa mbweha wachanga huko Marekani, Minnesota ikiwemo. Basi vaa glavu unapomchuna koyote, osha viatu na magurudumu kwa dawa ya kuua vijidudu, na usitoke shamba lenye samadi ukaenda moja kwa moja kwenye banda la mtu mwingine.