Wawili mezani, tiradito moja

Mkienda wawili kwenye mgahawa wa Nikkei, yaani mapishi ya Peru yaliyochanganyika na ya Kijapani tangu wahamiaji wa kwanza kutoka Japani watue Peru mwaka 1899, agizeni tiradito moja ya kugawana, si mbili. Kwenye tiradito, samaki mbichi hukatwa vipande vyembamba kama sashimi ya Kijapani, kisha humwagiwa ndimu, chumvi na pilipili ya ají amarillo dakika ya mwisho kabisa. Ikifika tu, simu wekeni kando! Mkipiga picha dakika 10, asidi inakaza nyama na mnatafuna mpira. Halafu ndimu haiui minyoo ya samaki; kugandisha ndiko kunakoiua. Ulizeni kama samaki aligandishwa -20°C kwa siku 7. Mhudumu akibabaika, chukueni cha kupikwa.