Kukoleza harufu ya vitunguu kwenye mafuta: ninavyofanya Nakuru

Mafuta hayakolei kwa kuchemshwa kama mchuzi. Ukiyaacha motoni yapungue, kinachotoroka ni harufu yenyewe, mafuta yanabaki. Mimi huyakoleza kwa kupitisha vitunguu vipya mara mbili katika mafuta yale yale.

Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, nusu lita, ndiyo hutumia, maana hayana harufu yake. Natia vitunguu maji gramu 400 vilivyokatwa unene wa milimita 3, na majani ya vitunguu gramu 100 yaliyokaushwa kwa kitambaa baada ya kuoshwa. Chumvi sitii. Vyote huingia kwenye mafuta baridi, ndipo moto mdogo unawashwa. Ukianza na mafuta moto, kingo zinaungua kabla ndani hakujatoa kitu. Jiko la makaa linafaa pia, mradi makaa yafunikwe jivu.

Kazi yote iko kwenye viputo. Hapa Nakuru, mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 94, na kitunguu chenye maji hakipiti sana hapo hata mafuta yanayokizunguka yakiwa moto zaidi. Ndiyo maana kwa muda mrefu hulainika tu bila kubadilika rangi. Viputo vikianza kuwa vidogo na mlio kufifia, maji yanaisha. Kuanzia hapo rangi inakuja haraka, nami sibanduki jikoni. Naepua vikiwa rangi ya dhahabu, si kahawia, kwa kuwa vinaendelea kuiva nje ya moto. Uchungu ukishaingia hautoki.

Nachuja, nakamua kwa mgongo wa mwiko, naacha mafuta yapoe kabisa. Duru ya pili ni vitunguu gramu 200 kwa njia ile ile. Kitunguu saumu gramu 40 nakiponda, nakiacha dakika 10 ili harufu yake ijijenge, kisha nakitia dakika chache tu za mwisho, kwani vipande vyake vidogo huungua upesi. Duru ya tatu sioni faida yake: ladha ya kukaanga inafunika ile ya kitunguu.

Kuhifadhi si jambo la kupuuza. Mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hustahimili kuchemshwa, na ndani ya mafuta hakuna hewa, jambo linalowapendeza. Sumu yao haina harufu wala rangi ya kukuonya. Kwa hiyo nachuja tena kwa kitambaa safi, naweka kwenye friji na kuyamaliza ndani ya siku 4. Yanayobaki nagandisha kwenye trei ya barafu. Chupa ya kukaa rafuni, hapana.

Dania haifai kwa njia hii, harufu ya majani yake huruka na joto. Naichovya sekunde chache kwenye maji yanayochemka, naipoza kwa maji baridi, naikamua hadi ikauke, kisha naisaga na mafuta baridi na kuchuja. Kijiko cha chai juu ya omena iliyokwisha kuepuliwa kinatosha sahani nzima.