Siku moja ya injinia anayeitwa mahakamani

Saa 11 alfajiri nipo macho. Hapa Uyole, Mbeya, mwezi wa 6 baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, nimevaa koti juu ya sweta napitia ripoti yangu. Watu wakisikia injinia kaitwa mahakamani wanajua kaharibu kazi, hata mama yangu mara ya kwanza alilia. Mimi ni shahidi mtaalamu. Hakimu hajasomea zege, kwahiyo Sheria ya Ushahidi inaruhusu mwenye fani yake aje atoe maoni, wakati shahidi wa kawaida anasema alichoona au kusikia mwenyewe tu. Kazi hii ni ya zamani, mwaka 1782 kule Uingereza injinia John Smeaton aliletwa kueleza kwanini bandari ya Wells inajaa mchanga, mwanzoni wakamkataa kwamba hayo ni maoni tu, jaji Lord Mansfield akasema huyu anazijua bandari, asikilizwe. Nikichoka namkumbuka huyo mzee.

Saa 1 daladala, malori ya Tunduma yamejaa njia nzima, saa 2 na nusu nipo mahakamani na begi langu.

Kesi ya leo ni balkoni iliyoanguka siku mafundi walipotoa mirunda, fundi mmoja akavunjika mguu. Mwenye nyumba ni mama anayeuza mchele, kaweka akiba yake yote mule, kamshtaki aliyemjengea. Tunasubiri kwenye korido, kijana wake ananifuata, "Shikamoo injinia, leo uwamalize, sema na zege lao lilikuwa bovu." Nikamwambia mdogo wangu, zege halikuwa bovu. "Sasa si sisi ndo tumekulipa?" Ndiyo mmenilipa, mda wangu na gharama za maabara, ila nikishaapa pale mbele maneno yangu ni ya mahakama, siyo yenu. Kanuna. Mama yake akaniuliza taratibu, "Kwahiyo tutashindwa baba?" Swali hilo nimekaa nalo korido nzima mpaka saa 6, maana wakili wa upande wa pili alichelewa.

Kiapo, jina, elimu, usajili wa Bodi ya Wahandisi, wakili wetu akaniongoza, ripoti ikapokelewa kama kielelezo. Hiyo nusu saa tu.

Halafu yakaja maswali ya dodoso, yaani wakili wa upande wa pili ananibana, na hapo sikuangalia tena saa. Hakimu anaandika kwa mkono kwahiyo unaongea nusu sentensi unasubiri kalamu, miguu inawaka, koo limekauka. Wakili anauliza, siku wanamwaga zege ulikuwepo? Hapana. Ulifika lini? Siku ya tisa. Ulikuta kifusi chote? Hapana mheshimiwa, nusu kilishazolewa. Nani alikizoa? Familia. Akageuka kumwangalia hakimu, akarudia hilo swali kwa namna tatu tofauti. Zege liliagizwa C25, yaani la nguvu ya niutoni 25 kwa milimita mraba, silinda tatu za zege ulizotoboa zilipasuka kwa 22, 24 na 23, kwa zege lililokatwa kwenye jengo hiyo inakubalika, ndiyo au hapana? Ndiyo. Nondo zilikuwa saizi ya kwenye mchoro? Ndiyo. Idadi imetimia? Ndiyo. "Kwahiyo mheshimiwa, zege zuri, nondo sahihi, idadi sahihi. Mteja wangu kakosa nini?" Nikimwangalia yule kijana kule nyuma kainamisha kichwa.

Nikaomba kufafanua, wakili akapinga, anataka ndiyo au hapana, wakabishana weee, hakimu akasema aeleze. Nikatoa kwenye begi sponji ya kuoshea vyombo niliyoikata mikato midogo juu. Nikabana upande mmoja kwenye meza, ule unaoning'inia nikausukuma chini kwa kidole, mikato ya juu ikafunguka kama midomo, chini pakajibana. Balkoni ndo iko hivyo, inavutika juu, nondo kubwa lazima zikae juu. Nikaomba kielelezo cha silinda, nikakishika kwenye mwanga wa dirisha, zege la milimita 150, na jicho la nondo linaonekana milimita 115 kutoka juu. Yaani chini kabisa. Mafundi walizikanyaga wakati wa kumwaga, hazikuwekewa vigoda vya kuzishikilia, zikalala. Nondo ni zilezile za kwenye mchoro ila zipo mahali ambapo hazisaidii kitu.

Hakimu akaacha kuandika, akaomba ile sponji aijaribu mwenyewe.

Wakili akarudi na kifusi, kwamba labda kwenye kile kilichozolewa nondo zilikuwa juu. Nikajibu siwezi kusema kwa nisichokiona, nasema kwa silinda tatu nilizokata kwenye kipande kilichobaki kwenye ukuta, na zote ziko hivyo hivyo. Jibu hilo liliniuma kulitoa, maana wasingekizoa ningekuwa na nyingi zaidi. Na hakimu hafungwi na maoni yangu, anaweza kuyaacha.

Kesi imeahirishwa. Nje mama kanishika mkono kwa mikono miwili hajasema neno, kijana kanibebea begi mpaka kituoni.

Sijala toka asubuhi. Nafika Uyole giza limeingia, naloweka miguu kwenye maji ya moto, simu inaita, baba mmoja wa Tukuyu, ukuta wa kuzuia udongo umeangukia nyumba ya jirani usiku wa jana, anauliza aanze kusafisha? Nikasimama humohumo kwenye beseni. Mzee wangu, usiguse hata jiwe moja, piga picha pande zote, funika na turubai mvua isioshe udongo, kesho alfajiri nakuja.